Barua Iliyobaki Ikingoja

Hakuna aliyemtuma Kavata kusoma. Alitumwa kuhamisha, basi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia hivyo wanafunzi wake wa kompyuta pale Kitengela kila darasa jipya lilipoanza: barua za mteja ni kama nguo zake kwenye kamba. Ukiombwa kuzianua, zianue uingize ndani, usianze kuzikunjua moja moja. Wasichana walikuwa wakicheka sana. Lakini Jumamosi ya mwisho ya Julai mwaka 2006, wiki tatu kamili kabla ya harusi yake, mwalimu mwenyewe alikunjua.

Ukweli usemwe, siku ilianza vizuri. Alifika nyumbani kwa Wanjala saa mbili asubuhi, flashi shingoni na baridi ya Julai masikioni, akamkuta mchumba wake mlangoni akifunga kamba za viatu. Wanjala alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya wavulana huko Kajiado, mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye mazoea ya kufikiri kwanza ndipo aongee. Siku hiyo alikuwa na zamu ya kusimamia mtihani.

"Takwenya," alimsalimia. Hiyo salamu ya Kimaasai ya wanawake alifundishwa na wanafunzi wake, na tangu aijue hakumsalimia Kavata kwa nyingine.

"Iko," Kavata akaitikia kwa Kimaasai hicho hicho. "Kompyuta yenyewe iko wapi?"

"Ziko mbili mezani. Mpya umeiona. Ile ya zamani dada yangu anaibeba Jumatatu, anaipelekea shule yao. Kwa hivyo barua zangu zote zihame leo."

"Zote?"

"Zote, usichague. Ziko za brother wangu kutoka Uingereza, zile za wakati mzee alikuwa mgonjwa. Hizo nikizipoteza sitajisamehe."

"Na zingine?"

"Zingine gani?"

"Nauliza tu," Kavata alisema, na akacheka, maana wakati huo bado alikuwa na moyo wa kucheka.

Wanjala akamshika kidole kimoja cha mkono, kile cha pete, akakibinya kidogo, akaenda zake. Kavata alimwangalia mpaka akapinda kwenye kona ya kioski. Miaka mitatu na bado alikuwa akimwangalia hivyo.

Kila mtu aliyemjua Kavata alijua jinsi walivyokutana, maana alikuwa ameisimulia mpaka watu wakachoka. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2003, yeye akiwa ndio kwanza amefungua cyber yake ya mashine nne karibu na stage ya matatu, mwanaume mmoja mrefu aliingia, akalipia nusu saa, akakaa mashine ya nne, asiandike kitu wala kutuma kitu. Nusu saa ikaisha. Akaongeza nyingine, akaanza kumuuliza maswali. Kwenu ni wapi? Machakos ni upande gani? Wewe huchoki na hii kelele ya mashine? Kavata alimwona mshamba wa kompyuta anayeona haya kusema hajui. Baadaye alipogundua kwamba huyo mtu ana kompyuta yake nyumbani, alicheka mpaka akalia. Tangu siku hiyo Wanjala hakuacha kuja. Hata laini ya simu ya nyumbani kwake iliporudi, aliendelea kulipia cyber wiki baada ya wiki, na Kavata alipomuuliza kwa nini anapoteza pesa, alisema anapenda kiti cha mashine ya nne. Kilikuwa kiti kibovu kuliko vyote.

Basi hiyo ndiyo hadithi aliyokuwa nayo Kavata asubuhi hiyo, na aliipenda kama ilivyo.

Namalwa, dada mkubwa wa Wanjala, alikuwa amekuja kutoka Bungoma kusaidia matayarisho. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Alimletea Kavata chai pale mezani, akasimama nyuma yake akitazama zile kompyuta mbili.

"Shemeji, sasa hizo barua zinapita kwa huo waya?"

"Hapana, dada. Nazibeba kwa hii flashi. Nanakili huku, naweka huku."

"Na zikipotea katikati?"

"Hazipotei. Hii ndiyo kazi yangu."

"Ni vizuri kuoa mtu ako na kazi ya akili," Namalwa alisema. "Caren naye alikuwa nurse. Huyu ndugu yangu hajawahi penda mtu mjinga."

Kavata aliweka kikombe chini polepole. Haikuwa mara yake ya kwanza kulisikia jina la Caren. Mara ya kwanza lilisemwa na shangazi yake Tabitha, mwezi wa nne, siku wazee wa Wanjala walipoleta mbuzi wa ntheo kule kwao Machakos. Mbuzi wamefungwa mtini, wazee wanakunywa soda, shangazi Tabitha akamvuta pembeni ya ghala. "Kavata, nimeuliza. Huyu kijana alikuwa na mchumba kwao, msichana anaitwa Caren, mpaka familia zilijuana. Akamwacha bila neno. Mwanaume mwenye ameacha mmoja hivyo, wewe utamshika na nini?" Kavata alimjibu kwamba kila mtu ana zake za zamani. Mbuzi wakaliwa, na kwa Wakamba mbuzi wa ntheo wakishaliwa, msichana ana mwenyewe. Lakini lile swali la shangazi halikuliwa pamoja na mbuzi.

"Alikuwa anapika?" Kavata aliuliza bila kugeuka.

"Nani? Caren? Wacha tu. Ugali ya wimbi na kuku, mzee wetu alikuwa anaulizia hata akiwa kitandani." Namalwa akashtuka mwenyewe. "Lakini hiyo ni zamani, shemeji. Usiweke kwa roho."

"Siweki."

Aliweka. Aliweka na akafunga na kufuli.

Ile kompyuta ya zamani iliamka ikinguruma. Wanjala hakuwa ameiunganisha na simu tangu 2003. Alikuwa akiitumia kuchapa mitihani tu, kwa hivyo barua zake zilikuwa zimekaa humo vile zilivyoachwa. Kavata akafungua ile programu ya barua. Upande wa kushoto palikuwa na mafaili, kila moja na jina lake: Brother, Shule, Kanisa, Caren. Pembeni ya hilo la mwisho idadi ilikuwa barua sitini na moja.

Sitini na moja. Yeye Kavata alikuwa amewahi kuandikiwa barua ngapi na Wanjala? Wanaishi mji mmoja, nani atamwandikia mtu anayemwona kila siku? Alikuwa na kadi mbili za Krismasi na vijikaratasi vya "nimekuja sikukupata". Alivitunza vyote kwenye bati la biskuti, na asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza vilionekana vichache.

Hakufungua hilo faili la Caren, aandikiwe hilo. Kidole kilikuwa juu ya mouse na akakitoa. Akajiambia mimi ni mtu mzima, namwamini mtu wangu. Kisha, kama kazi inavyotaka, akaenda kuangalia kikapu cha Outbox.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi hawajui shida tuliyokuwa nayo. Siku hizo simu ililipiwa kwa dakika, na intaneti ilipita kwa simu hiyo hiyo. Mtu mwenye akili aliandika barua zake zote akiwa amechomoa waya, zikangoja kwenye hicho kikapu. Akimaliza anaunganisha, zote zinaondoka kwa mpigo, anachomoa. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya Kavata katika kuhamisha barua ilikuwa hii: angalia kinachongoja, kitoe, ndipo uhame. Ukikosa, mashine mpya ikishika intaneti mara ya kwanza tu, itatuma yote yaliyosahauliwa humo, hata ya mwaka juzi. Alikuwa ameona mteja akituma tanzia ya mtu aliyezikwa zamani.

Kikapu kilikuwa na barua moja. Ilikuwa ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 2003, kwenda kwa Caren.

Alifungua. Mimi simtetei.

"Caren wangu," iliandikwa. "Ulinipa mpaka Ijumaa na leo ni Ijumaa. Nimefikiria mpaka kichwa kinauma. Umeshinda. Nitaomba uhamisho nije Kakamega tuanze maisha. Kitengela ni vumbi tu, hakuna kitu kinanishika hapa. Niambie siku ya kuleta wazee kwenu. Mimi ni wako na sitabadilika. Wanjala."

Kavata aliisoma mara tatu. Mara ya tatu aliangalia tarehe, akahesabu kwa vidole juu ya meza kama mtoto. Ijumaa tarehe kumi na nne. Yeye na Wanjala walikutana Jumamosi tarehe kumi na tano.

Na alikumbuka vizuri ile wiki. Wezi walikuwa wamekata nyaya za simu Noonkopir nzima, mtaa aliokaa Wanjala. Ndiyo maana cyber yake, iliyokuwa na laini ya upande wa pili wa barabara, ilijaa watu siku zile. Kwa hivyo Wanjala aliandika barua, akabonyeza kutuma, simu ikawa imekufa. Barua ikabaki ikingoja. Kesho yake akatokea kwake Kavata, na msichana wa Kakamega akangoja jibu mpaka akachoka. Mbona Wanjala hakumwambia yeye Kavata habari hiyo? Miaka mitatu ya kuambiwa habari ya kiti cha mashine ya nne, kumbe yeye ni mwanamke aliyepatikana kwa sababu waya uliibwa.

Wivu ulimshika kifuani, si ule wa kelele. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa na mpango. Kavata alitakiwa aitoe barua ile kando, kama kanuni yake ilivyo. Hakuitoa. Acha ihame pamoja na zingine, alijiambia. Acha Wanjala aje akae kwa kompyuta yake mpya, afungue, aikute hapo juu peke yake, na mimi nimesimama nyuma ya kiti. Nataka niuone uso wake kabla hajapata nafasi ya kufikiri.

Akahamisha zote. Hakuchagua, kama alivyoambiwa.

Saa nane mchana Namalwa alitoka jikoni akijipangusa mikono. "Shemeji, imemaliza? Brother alisema atatuma siku ya kushuka ndege. Hebu tuangalie, nijue kama nitangoja Kitengela ama nitarudi nyumbani."

"Ngoja Wanjala arudi."

"Kwani waya unachomekwa na Wanjala? Si wewe ndiye fundi?"

Kiburi cha kazi kina ubaya wake. Kavata akauchukua waya wa simu, akachomeka nyuma ya kompyuta mpya, akabonyeza. Mashine ikapiga simu, ikalia vile mashine zilivyokuwa zikilia siku hizo, ikanyamaza. Kichwa chake kilikuwa bado kwa yule nurse anayejua kupika kuku. Kisha kijisanduku kikatokea katikati ya kioo na kuonyesha kwamba barua ya kwanza kati ya moja inatumwa.

Alivuta ule waya kwa nguvu mpaka kikombe cha chai kikaanguka.

"Kuna nini?" Namalwa aliuliza.

Kavata alirudi kwenye mouse. Aliangalia Outbox, ikawa tupu. Aliangalia faili la zilizotumwa na akaikuta humo. Alikuwa amemchumbia Caren kwa niaba ya mchumba wake, kwa mikono yake mwenyewe, wiki tatu kabla ya harusi.

Alimwambia Namalwa. Angefanya nini, mama wa watu alikuwa amesimama pale na kitambaa cha kupangusa chai. Namalwa alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye kochi.

"Na hiyo barua inasema anamtaka?"

"Inasema yeye ni wake na hatabadilika."

"Mungu wangu," Namalwa alisema kwa sauti ndogo. "Na Caren vile alikuwa anampenda."

Hayo ndiyo maneno Kavata alibaki nayo mchana kutwa. Upepo wa tambarare ulipiga madirisha, punda wa maji wakapita, na yeye alikaa tu kati ya kompyuta mbili akimwona Caren anafungua, anasoma, anafunga mzigo. Mambo yakienda hivyo shangazi Tabitha hatasema neno. Ataangalia tu, na mbuzi walishaliwa.

Wanjala alirudi saa kumi na moja, viatu vyeupe kwa vumbi.

"Takwenya," alisema mlangoni.

Hakuitikiwa. Namalwa akachukua kikapu chake. "Mimi naenda kwa mama mboga," alisema, na akapita katikati yao haraka.

"Barua zimehama?" Wanjala aliuliza.

"Zimehama zote. Na moja imezidi kuhama. Imeenda Kakamega."

Wanjala alikaa chini na koti lake. Hakuuliza ni gani. Kavata alikuwa amengoja uso huo kutoka asubuhi, na sasa alipouona hakuona raha yoyote.

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Kavata."

"Usiniite hivyo na hiyo sauti. Nilisoma, nimekosa. Ningeitoa kando, sikutoa, nilitaka uikute nikiwa nyuma yako. Ikatumwa. Hilo ni kosa la pili, na pia ni langu. Nimemaliza yangu. Sasa nataka yako."

"Unataka nini?"

"Nataka uniambie mimi ni nani. Kwa sababu vile naona, mimi ni mke wa nyaya za simu. Hizo nyaya hazingekatwa, ungekuwa Kakamega na watoto wawili, na mimi singekujua hata kwa sura. Si ni hivyo?"

"Si hivyo."

"Ijumaa uliandika hutabadilika. Jumamosi uko kwangu unaniuliza Machakos ni upande gani."

Wanjala aliinuka, akaingia chumbani. Kavata alisikia kabati likifunguliwa, akadhani anatoa sanduku. Alikuwa tayari kumwambia asiende, na alikuwa tayari pia kumwambia aende na asirudi, na hakujua ni lipi litatoka kwanza.

Alirudi na disketi moja ya buluu. Akaiweka mezani.

"Unaikumbuka hii?"

"Ni disketi. Nimeona elfu."

"Hii uliikataa. Simu ilikuwa imekufa Ijumaa, ndiyo. Kwa hivyo nilinakili ile barua hapa, na Jumamosi nikaja kwako kuituma. Nyaya hazikunizuia kitu. Cyber yako ilikuwa inafanya kazi, na nilikuwa nimelipa. Nilikupa disketi, ukaishika hivi, na vidole viwili. Ukasema nini?"

Kavata aliiangalia. Kumbukumbu ilimjia vipande vipande. "Nilisema ina vumbi."

"Ulisema, 'Mwalimu, na hii vumbi yote utaniulia mashine, ipanguze kwanza.' Hata hukuwa unajua mimi ni mwalimu. Uliona tu chaki kwa shati. Ukanipa kitambaa chako cha kichwa, kwa sababu hukuwa na kingine, ukaenda kuhudumia mtu wa mashine ya pili. Kavata, disketi inapanguzwa kwa dakika ngapi?"

"Moja. Hata haifiki."

"Mimi niliipanguza nusu saa."

Nje mama maziwa alimsalimia mtu, mtu akaitika. Kavata alishindwa kuinua macho kutoka kwa ile disketi.

"Nilikuwa nimeandika hakuna kitu kinanishika hapa," Wanjala alisema. "Halafu kikanishika. Nikaongeza nusu saa. Nikaenda nyumbani nayo mfukoni. Simu ikarudi mwezi wa tano, na sikuunganisha ile mashine tena hata siku moja, kwa sababu nilijua ikishika tu, ile barua itaenda. Ndiyo maana nilikuwa nalipia cyber."

"Si ungeifuta? Ni kubonyeza mara moja."

Hili ndilo swali, na wote wawili walilijua. Wanjala alivua koti polepole.

"Nikuambie ukweli ama nikufurahishe?"

"Niambie."

"Mwaka wa kwanza sikuwa na uhakika na wewe. Ulikuwa unacheka na kila mteja. Niliiacha kama mtu anaacha mlango haujafungwa na komeo. Mwaka wa pili sikuihitaji tena, lakini niliona haya kuifungua. Mwaka wa tatu nilisahau iko. Kama ningekumbuka, ningekupa wewe hiyo mashine ushughulikie na moyo mweupe vile nilikupa?"

Kavata alilia kidogo, kwa hasira, maana jibu lilimuuma na aliliamini. Kama angesema hakuwahi kufikiria Caren tena hata dakika moja, angeondoka saa hiyo.

"Atakuja," alisema. "Amesoma saa hizi. Atakuja na mizigo yake."

"Basi tuangalie."

"Angalia wewe."

"Hapana. Ni wewe fundi. Na kama kuna jibu, ulisome kwa sauti. Sitaki usome peke yako tena."

Akachomeka waya. Mashine ikalia, ikanyamaza. Barua mbili ziliingia. Ya kwanza ilikuwa ya brother. Ya pili ilikuwa na jina la Caren, kwa wino mzito wa barua isiyofunguliwa. Kavata aliifungua mwenyewe, na Wanjala hakumsaidia.

Alisoma. "Wanjala. Barua yako imenipata nikiwa kazini leo. Nimeona tarehe na nimeelewa ni ya zamani. Hiyo Ijumaa naikumbuka. Nilienda cyber mjini kuangalia jibu. Nikaenda tena Jumamosi, nikakaa mpaka wakafunga."

Kavata aliacha kusoma. Alijiona mwenyewe Jumamosi ile, kijana, mwenye furaha ya cyber mpya, akimtania mwanaume wa mashine ya nne. Na mahali pengine, katika cyber ya mtu mwingine, msichana alikuwa amekaa mbele ya kioo akingoja mpaka wakafunga.

"Endelea," Wanjala alisema. Alikuwa ameshika kichwa.

"'Nilienda Jumatatu na Jumanne pia. Ungeituma, ningekuja kukulaki stage kwa miguu. Sasa niko na mtoto wa miezi saba na bwana mzuri, na sina haja. Nimesikia kwa watu unaoa. Nilikuwa nadhani siku moja ulikaa ukanipima, ukaniona si kitu. Leo nimejua kulikuwa na siku ulisema ndiyo. Hiyo inanitosha. Mwambie huyo dada unayeoa akae vizuri. Usiniandikie tena. Caren.'"

Wivu wa Kavata haukuondoka, msinielewe vibaya. Ulikuwa bado hapo, lakini sasa ulikuwa umekaa karibu na huruma, na hakujua vizuri kipi ni kipi.

"Ulimfanyia vibaya," alisema mwishowe.

"Nilimfanyia vibaya sana."

"Angalau neno moja. Hata 'hapana'. Mtu anaambiwa."

"Anaambiwa. Nilikuwa mwoga."

"Na mimi siku ukinichoka, utaniacha nikae cyber mpaka wafunge?"

"Nitakuambia kwa mdomo wangu, uso kwa uso." Akamshika kile kidole, kile cha pete, na safari hii hakukibinya, alikishika tu. "Lakini sina hiyo siku, Kavata. Nimeitafuta sina."

Alimwacha ashike. Baada ya muda akajifuta macho kwa mkono mwingine, akaigeukia ile kompyuta ya zamani iliyokuwa bado inanguruma pembeni.

"Hii inaenda Bungoma Jumatatu," alisema, kwa sauti yake ya kazi. "Zile sitini na moja ziko salama kwa mpya. Ni maisha yako, sitazigusa wala sitazisoma. Lakini hapa ndani nilinakili tu, sikutoa. Ile barua bado inangoja."

Akafungua Outbox. Ilikuwa pale, moja, ya Ijumaa. Akainuka kitini akamsogezea mouse.

"Keti. Hii si kazi ya fundi."

Wanjala aliketi. Akaichagua, akabonyeza kufuta. Mashine, kwa unyonge wa uzee wake, ikafikiri kidogo, kisha ikatoa swali lake la kawaida: una uhakika?

Kavata alikuwa nyuma ya kiti, pale pale alipopanga asubuhi kusimama ili auone uso wake. Wanjala hakukiangalia kioo. Aligeuza shingo akamtazama yeye, na akabonyeza ndiyo bila kuangalia mkono ulipokuwa.